Simuleta ya ndege ya jeti kama mradi wa shule: anza na hesabu, mbao zije baadaye

Mwambie mwanafunzi wa sekondari atengeneze simuleta ya ndege, yaani mashine ya kuigiza urushaji wa ndege ukiwa umekaa chini, uone ataanzia wapi. Wengi wataanza na kiti. Halafu usukani, halafu skrini tatu kubwa na taa za rangi. Baada ya miezi miwili kuna kibanda kizuri kweli kweli, lakini ndani yake hakuna ndege. Kuna picha tu inayosogea.

Makala hii ni kwa ajili yako unayetaka kuwe na ndege mle ndani. Tuseme uko Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, pembeni ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Shule ina kompyuta moja au mbili za zamani. Kuna fundi baiskeli, kuna fundi redio, kuna seremala. Inatosha? Inatosha, ila kwa sharti moja: uelewe kwamba moyo wa simuleta ni hesabu, na hesabu zenyewe nyingi umeshazisoma kwenye fizikia. Labda umezisoma kwa Kiingereza tu. Leo tuzipige kwa Kiswahili.

Ilianzia kwenye karakana ya vinanda

Kwanza ujue kwamba hukuanza wewe kuokoteza vifaa. Mmarekani Edwin Link alikulia kwenye familia iliyokuwa na kiwanda cha vinanda huko Binghamton, jimbo la New York. Mwaka 1929 alikamilisha kisanduku chenye umbo la ndege ndogo, kikikaa juu ya mivukuto ya hewa, ile ile inayopuliza vinanda vya kanisani. Ukivuta usukani, mivukuto inajaa au inatoa hewa, na kisanduku kinainama kama ndege.

Mwanzoni wengi walikiona ni mchezo, na wanunuzi wake walikuwa viwanja vya burudani. Mwaka 1934 mambo yakabadilika. Jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na ndani ya wiki chache marubani kadhaa wakafa, wengi wao wakiwa hawajazoea kuruka kwenye mawingu na giza kwa kutegemea mishale ya vipimo peke yake. Jeshi likaagiza mashine 6 za Link. Kutoka hapo simuleta haikuwa mchezo tena. Ikawa mahali pa kukosea bila kufa.

Shika hilo neno, mahali pa kukosea bila kufa, maana tutalirudia.

Moyo wenyewe: mzunguko wa mistari mitatu

Unajua kwamba nguvu ni sawa na masi mara mchapuko. Mchapuko ni kasi inavyoongezeka kila sekunde. Kwa hiyo ukijua nguvu zinazoisukuma ndege sasa hivi, unajua kasi yake itakuwaje muda mfupi ujao. Ukijua kasi, unajua itakuwa wapi. Simuleta nzima inazunguka kwenye mistari hii:

mchapuko = nguvu / masi
kasi = kasi + mchapuko × hatua
mahali = mahali + kasi × hatua

"Hatua" ni kipande kidogo cha muda, tuseme sekunde 0.02. Kompyuta inapiga hesabu hii, inachora picha, inasoma mkono wako umeweka wapi usukani, inapiga tena. Mara 50 kwa sekunde. Hata laptopu iliyochoka inaweza.

Kwani hatua lazima iwe ndogo? Tujaribu. Ndege inakimbia kwenye njia ya kurukia kwa mchapuko wa mita 2.5 kwa sekunde, kila sekunde, mpaka ifikishe mita 71 kwa sekunde. Kwa kanuni ya darasani, itakuwa imetumia sekunde 28.4 na mita 1,008. Sasa ipigie kwa mistari yetu mitatu ukitumia hatua ya sekunde 1: umbali utazidi kwa takriban mita 35. Tumia hatua ya sekunde 0.02: kosa linashuka hadi chini ya mita 1. Ndege ni ile ile na kanuni ni ile ile, lakini hatua ndefu inakupa jibu la uongo. Hili peke yake ni jedwali zuri la kuweka kwenye ripoti ya mradi wako.

Nguvu nne, basi

Ndege ikiwa angani inavutwa na nguvu nne. Uzito unaivuta chini. Msukumo wa injini unaipeleka mbele. Ukinzani wa hewa unairudisha nyuma. Bawa linaipandisha kwa nguvu ya kuinua. Uzito ni rahisi. Mbili za hewa zinapatikana kwa kanuni yenye umbo moja:

nguvu = ½ × densiti ya hewa × kasi² × eneo la bawa × namba ya bawa

Densiti ni kilo za hewa ndani ya mita moja ya ujazo. "Namba ya bawa" inategemea umbo la bawa na pembe ambayo linaikabili hewa. Kuna namba ya kuinua na kuna namba ya ukinzani. Angalia ule mraba kwenye kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana ndege nzito inakimbia kwanza, ndipo inanyanyuka.

Ushauri wa bure: usianze na ndege inayogeuka kulia na kushoto. Anza na ndege inayokwenda mbele na nyuma, juu na chini, basi. Ikifanya kazi vizuri ongeza kulala upande, kisha kugeuka. Ukianza na vyote siku moja, ndege ikizunguka kama pia hutajua kosa liko mstari gani.

Kinachoifanya iwe jeti

Ukiishia hapo juu umetengeneza ndege yoyote. Jeti ina tabia yake: injini haikuitikii hapo hapo. Ndani yake kuna mapangaboi mazito yanayozunguka, na kuyaongezea mzunguko kunachukua muda. Kanuni za Marekani za kuidhinisha injini zinataka injini ya ndege iweze kutoka asilimia 15 ya nguvu za kurukia hadi asilimia 95 ndani ya sekunde zisizozidi 5. Sekunde 5! Ndege inayokuja kutua kwa mita 70 kwa sekunde inakuwa imekwenda mita 350 kabla nguvu hazijakamilika.

Kwenye programu yako ni mstari mmoja tu:

msukumo = msukumo + (msukumo_unaotakiwa − msukumo) × hatua / 1.7

Maana yake: kila mzunguko, injini inaziba sehemu ndogo ya pengo kati ya ilipo na unapotaka ifike. Kwa hiyo namba 1.7, itachukua karibu sekunde 5 kutoka asilimia 15 hadi 95. Badilisha uone.

Kuna anayesema mstari huu ni madoido. Hapana. Mwondoe, halafu mwite rafiki yako ajaribu kutua. Atajifunza kuongeza nguvu dakika ya mwisho, na itamkubalia kila mara. Umemfundisha kitu ambacho kwenye jeti halisi kingemweka chini kabla ya uwanja.

Hewa ya Ziwa si hewa ya pwani

Hapa ndipo mwanafunzi wa Busega ana kitu cha kuonesha ambacho wa Dar es Salaam hana. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Uwanja wa Ndege wa Mwanza, ambako Airbus A220 za Air Tanzania zinatua, uko karibu na kimo hicho hicho. Huko juu hewa ni nyepesi. Kwa hewa ya vitabu, yaani nyuzi joto 15 usawa wa bahari, densiti ya pwani ni kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Kwenye kimo cha Ziwa inashuka hadi karibu kilo 1.10. Pungufu ya takriban asilimia 10.

Asilimia 10 ni kitu gani? Tuchukue ndege ya mfano yenye ukubwa unaokaribiana na A220-300, namba nikiwa nimezirahisisha ili upige kwa kalkuleta: masi kilo 60,000, bawa mita za mraba 112, namba ya kuinua wakati wa kuruka 1.7, msukumo wa injini zote nyutoni 180,000, na msuguano pamoja na ukinzani kwa wastani nyutoni 30,000.

Dar es Salaam: bawa linabeba uzito wote kwenye kasi ya mita 71 kwa sekunde. Mchapuko ni 2.5. Ndege inahitaji takriban mita 1,010 kunyanyuka.

Mwanza: bawa linahitaji mita 75 kwa sekunde ili kubeba uzito ule ule. Lakini injini nayo inakula hewa nyepesi, kwa hiyo tuseme msukumo unashuka kwa asilimia 10 hadi nyutoni 162,000. Mchapuko unakuwa 2.2. Umbali: takriban mita 1,280.

Umeona? Hewa imepungua sehemu moja ya kumi, njia imeongezeka zaidi ya robo. Sababu ni kwamba umepigwa mara mbili: kasi unayoitaka imepanda, na nguvu ya kuifikia imeshuka. Mchana wa jua kali hewa inakuwa nyepesi zaidi, na umbali unarefuka tena.

Na kuna jambo la kushangaza zaidi. Kipimo cha kasi cha rubani hakipimi kasi yenyewe. Kinapima shinikizo la hewa inayokuja mbele, yaani ile ½ × densiti × kasi². Kwa hiyo kwenye ndege yetu mshale utasoma noti 138 Dar es Salaam na utasoma noti 138 Mwanza, ingawa Mwanza magurudumu yanakimbia kwa noti karibu 146. Rubani akiangalia kipimo anaona namba ile ile, lakini barabara inaisha haraka zaidi. Simuleta yako ikionesha hili bila wewe kuliandika kama kanuni ya pekee, basi fizikia yako iko sawa.

Bawa linapogoma

Ukiinua pua ya ndege, pembe ya bawa inaongezeka na nguvu ya kuinua inaongezeka. Lakini kuna mwisho. Kwenye mabawa mengi, pembe ikipita nyuzi kama 15, hewa inaachana na uso wa juu wa bawa. Nguvu ya kuinua inaporomoka na ukinzani unapanda. Marubani wanaita stoli. Haina uhusiano na injini kuzima, ni bawa lenyewe limegoma.

Wanafunzi wengi wanaandika namba ya kuinua kama mstari ulionyooka: pembe zaidi, kuinua zaidi, mpaka mbinguni. Ndege hiyo haianguki hata uifanye nini. Inafurahisha, lakini haifundishi. Weka jedwali dogo badala ya mstari: pembe kwa pembe mpaka 15, kisha namba zishuke.

Sasa twende kwa seremala

Hesabu zikikubali kwenye skrini kwa kutumia kibodi tu, hapo sasa tafuta mbao.

Usukani wa mkono ni kijiti kinachozunguka kwenye ekseli. Beringi za gurudumu la baiskeli zinafaa sana kwa sababu hazina mchezo. Kijiti kirudi katikati kwa vipande vya mpira wa tyubu, viwili mbele na viwili nyuma. Kata vya urefu sawa, la sivyo ndege itainama upande yenyewe.

Kompyuta itajuaje mkono wako uko wapi? Mwombe fundi redio kile kidude cha kuzungushia sauti kutoka kwenye redio iliyokufa. Kina miguu mitatu. Mguu mmoja wa pembeni unaunga kwenye volti 5 za bodi ya Arduino, wa pembeni wa pili kwenye upande hasi, na wa katikati kwenye tundu la A0. Ukizungusha, volti ya katikati inapanda na kushuka, na bodi inaisoma kama namba kati ya 0 na 1023.

Mtego wa kwanza: kidude kinazunguka nyuzi kama 270, ila kijiti chako kinatembea nyuzi 60 tu. Kwa hiyo unatumia takriban namba 227 kati ya zile 1,024. Dawa ni kupima: sukuma mpaka mwisho andika namba, vuta mpaka mwisho andika namba, kisha programu igeuze iwe kati ya −1 na +1. Mtego wa pili: vidude vingi vya redio vinavyopandisha sauti havipandi kwa usawa, kwa sababu vimetengenezwa kwa ajili ya sikio. Vile vyenye alama ya B kwa kawaida hupanda kwa usawa, tafuta hivyo. Mtego wa tatu: vumbi. Namba zinarukaruka hata usipogusa kitu. Chukua wastani wa visomo vitano na tatizo litapungua.

Pedali, wenzo wa nguvu za injini, vyote vinatumia njia hiyo hiyo.

Simuleta inaweza kusema uongo

Turudi kwenye lile neno letu. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika sita baadaye ilianguka. Watu wote 157 walikufa. Chini ya miezi mitano kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilianguka Indonesia na kuua watu 189. Katika ajali zote mbili, mfumo wa kompyuta uliopokea kipimo kibaya kutoka kwa kihisi kimoja cha pembe ya hewa ulikuwa ukiishusha pua ya ndege tena na tena.

Kabla ya hapo, rubani aliyekuwa akirusha 737 ya toleo lililotangulia aliruhusiwa kuhamia MAX kwa somo la kompyuta, bila kupita kwenye simuleta. Na Mei 2019 Boeing ilikiri kwamba programu ya simuleta za MAX ilikuwa na kasoro iliyohitaji kusahihishwa: haikuweza kuiga baadhi ya hali za urukaji. Taarifa za wakati ule zilitaja ugumu wa kuzungusha kwa mkono gurudumu linalorekebisha mkia ndege ikiwa kwenye kasi kubwa. Kwenye simuleta gurudumu halikuwa gumu kama kwenye ndege. Novemba 2020, Marekani iliporuhusu MAX kuruka tena, iliwataka marubani wake wapite kwenye simuleta kwanza.

Sisemi kwamba simuleta ndiyo iliyoangusha ndege hizo. Ninachosema ni hiki: mashine iliyotengenezwa na wataalamu, kwa fedha nyingi, iliigiza vibaya jambo moja, na hakuna aliyekuwa ameketi ndani yake ambaye angelijua kwa kuangalia tu. Simuleta mbovu haikuoneshi kwamba ni mbovu. Inakubali, inapendeza, na inaufundisha mkono wako kitu kisichokuwepo angani.

Ndiyo maana mradi wako bila majaribio si sayansi. Fanya haya manne, na uandike matokeo hata kama hayapendezi:

1. Iache ndege ikimbie kwa mchapuko wa 2.5 usiobadilika. Ifikishe mita 71 kwa sekunde ndani ya mita 1,008. Ikizidi mita moja au mbili, tafuta kosa.

2. Zima injini ukiwa kimo cha mita 1,000. Ikiwa umeweka uwiano wa kuinua kwa ukinzani kuwa 17, ndege iteleze karibu kilomita 17 kabla ya kugusa chini. Ikienda 30, kuna nishati inatoka hewani bure, na hiyo haipo.

3. Ruka kwa densiti ya pwani, kisha kwa densiti ya Ziwa. Kipimo cha kasi kisome sawa, umbali usiwe sawa.

4. Linganisha na kazi ya wengine. Kuna simuleta ya bure iitwayo FlightGear, unaruhusiwa hata kuifungua na kusoma ilivyoandikwa. Ukiandika HTMW inakupeleka uwanja wa Mwanza, HTDA inakupeleka Dar es Salaam. Chagua jeti moja, jaza uzito ule ule, ruka pande zote mbili, pima. Huhitaji namba zako zilingane na zake. Unahitaji tofauti kati ya viwanja hivyo viwili ielekee upande ule ule.

Young Scientists Tanzania, iliyoanza mwaka 2011, huandaa maonesho ya miradi ya wanafunzi wa sekondari kila mwaka. Ukifika huko na kibanda chenye taa, watu watapiga picha. Ukifika na kijiti cha mbao, mpira wa baiskeli na karatasi moja inayosema "hapa simuleta yetu inakubaliana na hesabu, na hapa bado haikubaliani", atakuja mtu atavuta kiti akuulize maswali ya nusu saa. Wale wanaosomea uhandisi wa ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji wanapiga kanuni hizi hizi.

Kwa hiyo usisubiri skrini tatu. Leo jioni chukua daftari, chora mistari mitatu ile, weka hatua ya sekunde 1, piga kwa mkono mara kumi. Kwenye mstari wa kumi ndege yako itakuwa na kasi ya mita 25 kwa sekunde, kilomita 90 kwa saa, mwendo wa basi la Musoma likiwa limenyooka. Bado haijaruka, lakini imeshaanza kukimbia, na kila namba yake unaweza kuitetea.